Kwa nini makanika hutoa thamostati: historia ya rejeta

Leo kompyuta tunaziweka kando, ndugu msomaji, ingawa zitajirudisha zenyewe kabla hatujafika mwisho. Nataka kuandika juu ya rejeta. Ndiyo, rejeta ya gari, ile inayokaa nyuma ya grili na ambayo hatuikumbuki mpaka siku mvuke unapotoka chini ya boneti katikati ya foleni.

Kilichonisukuma ni sentensi moja ambayo karibu kila mwenye gari kuukuu hapa Kenya ameisikia: "Bosi, hii thamostati tunatoa tu. Hapa kwetu ni joto, haina kazi." Inatolewa, inatupwa kwenye debe, maji ya mfereji yanajazwa, na gari linaondoka. Wengi wamefanyiwa hivyo na wakashukuru.

Sisi tunaoandika programu tunaijua harufu ya jambo kama hili. Unarithi programu ya zamani, unakuta mahali mtu aliweka kiraka miaka kumi iliyopita ili kuzuia hitilafu fulani. Hitilafu yenyewe ilishaondoka, lakini kiraka kimebaki, na sasa chenyewe ndicho kinacholeta matatizo. Hakuna anayethubutu kukigusa kwa sababu hakuna anayekumbuka kilikuja kwa nini. Ukitaka kukielewa unarudi nyuma kusoma yaliyotangulia. Basi turudi nyuma.

Kwanza jambo la msingi. Injini ya petroli ni jiko kuliko ilivyo mashine. Katika joto lote linalotokana na petroli, sehemu inayozungusha magurudumu ni kama robo hadi theluthi hivi. Nyingine inatoka na moshi, na nyingine kubwa inaingia kwenye chuma cha injini. Hiyo iliyoingia kwenye chuma isipoondolewa, pistoni zitavimba na kukwama ndani ya silinda kabla hujafika mbali.

Karl Benz alipopata hataza ya gari lake la magurudumu matatu nchini Ujerumani, Januari 1886, jibu lake lilikuwa rahisi sana: aliacha maji yachemke. Silinda moja ilizungukwa na maji, maji yakachemka, mvuke ukaenda zake angani ukiwa umebeba joto. Ni njia nzuri kabisa ya kupoza, maana maji yanapogeuka mvuke hubeba joto jingi mno. Ubaya wake ni kwamba maji yanakwisha. Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, alilichukua gari hilo pamoja na wanawe Eugen na Richard, wakasafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Petroli waliipata kwenye duka la dawa huko Wiesloch. Maji walilazimika kuyaongeza kila walipoyapata, njia nzima. Kwa hiyo ukimwona dereva wa lori leo akiwa na jerikani nyuma ya kiti, jua mwanamke huyo alimtangulia kwa zaidi ya miaka 130.

Hatua kubwa ilikuja na Wilhelm Maybach, fundi mkuu wa kampuni ya Daimler. Katika gari la Mercedes la nguvu za farasi 35, lililotengenezwa mwishoni mwa 1900 na kung'ara kwenye mashindano ya Nice mwezi Machi 1901, alifunga rejeta iliyofanana na sega la nyuki. Ilikuwa na vijibomba 8,070 vya mraba, kila kimoja upana wa milimita 6. Hewa ilipita ndani ya vijibomba, maji yakapita katika nafasi nyembamba kati yao, na feni ikasaidia kuvuta hewa gari likiwa linakwenda polepole. Kiasi cha maji kilichohitajika kilishuka hadi lita 9, nusu ya kilichohitajika awali.

Hapo kuna jambo ambalo watu wengi bado hawajalikubali mpaka leo, nalo ni kwamba wingi wa maji si hoja. Hoja ni ukubwa wa eneo ambapo maji na hewa vinakutana. Mzee akiwa na haraka na chai yake ya moto hufanya nini? Huimimina kwenye kisahani. Chai ni ileile, haikupungua wala kuongezeka, lakini imetandazwa. Maybach alitandaza lita 9 za maji kwenye visahani elfu nane. Ndiyo maana rejeta iliyoziba robo ya vijibomba vyake kwa chokaa ya maji ya kisima haitaokolewa kwa kuongezewa maji. Maji yapo, ila kisahani kimepungua.

Baadaye likaja gari la umma, Ford Model T, lililoanza kuuzwa Oktoba 1908 na kufikia magari milioni 15 kabla ya kusimamishwa 1927. Ya kwanza kabisa, kama 2,500 hivi, yalikuwa na pampu ya maji. Kisha Ford akaitoa pampu! Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, kwa hiyo yalipanda yenyewe kutoka kwenye injini hadi juu ya rejeta, yakapoa, yakashuka, yakarudi injini kwa chini. Hakuna pampu ya kuharibika. Napenda sana usanifu wa namna hii, ambapo asili yenyewe inafanyishwa kazi bure. Lakini ulikuwa na sharti: maji yakishuka chini ya mdomo wa bomba la juu, mzunguko unakatika palepale, na injini inaanza kujichoma huku rejeta ikiwa bado ina maji nusu. Dereva alitakiwa kukagua maji kila siku. Tangu mwaka 1912 aliweza pia kununua kipimajoto cha Boyce kilichosimama juu ya kifuniko cha rejeta, mbele ya boneti, akawa anakitazama kupitia kioo cha mbele huku akiendesha.

Sasa fikiria mfumo huo ukiletwa Nairobi. Hapa ndipo fizikia yetu inapotofautiana na ya Detroit. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selisiasi ukiwa Mombasa ufukweni. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Timboroa, ambako barabara na reli hupita zaidi ya mita 2,700, ni kama nyuzi 91. Mama yeyote aliyehama Mombasa kwenda Nyahururu anaijua habari hii bila kufundishwa na mtu: maharagwe hayaivi kwa muda uleule. Maji yanatokota mbele ya macho yako lakini joto lake ni dogo.

Kwa mpishi huo ni usumbufu tu. Kwa injini isiyo na presha ni hatari, kwa sababu mapovu ya mvuke hayabebi joto kutoka kwenye chuma kama yanavyobeba maji. Injini inayotaka kufanya kazi kwenye nyuzi 80 na kitu ina nafasi ya nyuzi kumi tu kabla ya balaa, na iko kwenye mlima, na imebeba magunia ya viazi. Gari lililoshuka hadi Mai Mahiu bila shida lilichemsha likirudi juu. Chochote kilichosaidia kulipoza injini zaidi, hata kama kilikuwa na madhara mengine, kilikuwa na faida. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Dawa ya shida hii ilipitia kwenye ndege za vita. Ndege ikipanda juu hukumbana na shida ileile ya Timboroa, ila mara nyingi zaidi. Injini ya Rolls-Royce Merlin iliyokuwa kwenye Spitfire za kwanza, mwaka 1938, ilipozwa kwa glaikoli tupu, kimiminika ambacho huchemka kwenye joto kubwa kuliko maji. Baadaye Waingereza wakahamia kwenye mchanganyiko wa maji asilimia 70 na glaikoli asilimia 30, lakini wakaufungia ndani ya mfumo wenye presha. Na baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kifuniko cha presha kikaenea kwenye magari ya kawaida.

Kifuniko hicho ni kitu kidogo ajabu. Kina springi inayozuia maji yasitoke mpaka presha ifike kiwango fulani, na vali ndogo inayoyarudisha maji kutoka kwenye chupa ya akiba injini inapopoa. Magari ya miaka ya 1950 yalitumia presha ndogo, kama bar 0.3 hadi 0.5. Mengi ya leo ni kama bar 0.9 hadi 1.1. Na hii inamaanisha nini kwetu? Kwa kifuniko kizima cha bar 0.9, maji matupu yaliyo Nairobi hayachemki kwenye 94 bali karibu na 116. Kifuniko kikichoka, mpira wake ukapasuka, umerudi kwenye 94, yaani umeishi ghafla katika enzi za Model T ukiwa na injini ya mwaka 2015. Hiki ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu kuliko vyote kwenye gari, na ndicho cha mwisho kushukiwa.

Ni kifuniko hichohicho kinachofanya ufunguzi wa rejeta moto uwe jambo la kuunguza uso. Maji yaliyo ndani yako kwenye nyuzi 105, kwa mfano, na hayachemki kwa sababu yamebanwa. Ukizungusha kifuniko umeyaachilia, na sehemu yake inageuka mvuke papo hapo, zote pamoja zikiruka. Kuweka kitambaa hakutakuokoa. Zima injini, kaa kivulini nusu saa au zaidi. Hakuna mkutano unaostahili ngozi yako.

Haya, thamostati. Kazi yake inapingana na ya rejeta, na nadhani ndiyo sababu watu hawaiamini. Inazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Cadillac waliiweka kwenye injini yao ya V8 mwaka 1914. Za zamani zilikuwa kama kibofu cha shaba chenye kimiminika ndani, na presha ya mfumo ilizisumbua. Katika miaka ya 1930 Sergius Vernet huko Marekani alikuja na wazo la nta. Unaijaza nta ndani ya kikopo cha shaba. Ikiyeyuka inatanuka kwa nguvu, inasukuma kijiti, vali inafunguka. Ikiganda, springi inaifunga. Haina stima wala programu. Ni uamuzi wa "kama joto limezidi kiwango fulani, fungua" ulioandikwa kwa nta, na umefanya kazi kwa zaidi ya miaka 80.

Lakini nta ikivuja, thamostati hubaki imefungwa, na injini inachemsha hata kama rejeta ni mpya. Jiweke sasa katika nafasi ya makanika wa miaka ya 1960 au 70 aliye Nakuru. Mbele yake kuna Peugeot 404 iliyogeuzwa matatu, imejaa watu hadi kwenye boneti, inakwenda Eldoret kupitia Timboroa. Presha ya kifuniko ni ndogo. Rejeta imejaa chokaa. Thamostati imekwama, na nyingine haipo mjini. Akiitoa, maji yatazunguka muda wote, atapata nyuzi chache za ziada, na wasafiri watafika. Injini za siku hizo zilikuwa na uvumilivu, kabureta haikujua wala kujali joto la maji. Hakukosea. Kwa gari lile, kwa mlima ule, kile kilikuwa kiraka kizuri.

(Nitaje kidogo tu kwamba watengenezaji nao walikuwa wakihangaika na jambo hilohilo. Hiyo Peugeot 404, iliyotoka 1960, ilikuwa na feni inayojitenga na injini wakati hakuna joto la kutosha. Renault 4 ya 1961, ambayo wazee wetu waliiita Renault Roho, ilikuja na mfumo wa maji uliofungwa kabisa ukiwa na chupa yake ya akiba, ili mwenye gari asiongeze maji kila juma. Na Volkswagen waliamua kuepuka maji kabisa; kobe wao aliyepozwa kwa hewa alishinda Safari Rally ya 1962.)

Gari limebadilika chini ya kiraka hicho. Kuna mabadiliko matatu ambayo makanika wa Nakuru hakuyapata.

La kwanza ni umbo la thamostati yenyewe. Katika injini nyingi za leo, hasa hizi za Toyota tunazoendesha, thamostati ina sahani mbili. Ya juu inafungua njia ya rejeta. Ya chini, wakati huohuo, inafunga njia ya mkato inayoyarudisha maji moja kwa moja ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa yote, umeacha njia zote mbili wazi. Na maji, kama madereva wa matatu, yanapenda njia ya mkato. Sehemu kubwa itazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Maana yake ni kwamba umetoa thamostati ili injini ipoe, na mlimani ikazidi kuwa moto kuliko hapo awali. Halafu utaambiwa ubadilishe rejeta. Halafu pampu.

La pili ni chuma. Kichwa cha silinda cha injini nyingi za zamani kilikuwa cha chuma kizito. Leo ni alumini, ambayo hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Injini ya zamani ilichemsha, ikapoa, ikaendelea na maisha. Hii ya leo ikichemsha mara moja vizuri inaweza kupinda kichwa na kuua gasketi, na hapo hesabu inaanza kusomwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi. Alumini pia haipendani na maji matupu ya mfereji. Watu husema kulanti ni dawa ya barafu, na sisi hatuna barafu, kwa hiyo ya nini? Swali zuri. Glaikoli kweli ililetwa kwa ajili ya barafu, na kusema haki hubeba joto vibaya kuliko maji. Lakini ndani ya chupa kuna pia dawa za kuzuia kutu na ulikaji, nazo ndizo unazonunua hasa ukiwa Kenya. Rangi isikudanganye, kijani, waridi au nyekundu ni rangi tu, soma maandishi ya chupa na kitabu cha gari. Na iweke mbali na watoto na mbwa, maana glaikoli ina utamu na ni sumu inayoua figo.

La tatu ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu linaingia uwanjani kwangu. Kompyuta ya gari husoma sensa ya joto la maji kabla ya kuamua kiasi cha petroli. Maji yakiwa baridi, inaongeza petroli, kama kabureta ilivyovutwa choki enzi hizo. Aliyeiandika programu hiyo aliamini kwamba thamostati ipo. Hakuwaza kwamba kuna mtu ataitoa. Kwa hiyo gari lisilo na thamostati, likiteremka asubuhi ya baridi kutoka Limuru, linaweza kuishi muda mrefu likidhani limewashwa sasa hivi, linakunywa petroli, na petroli isiyoungua inaosha mafuta kwenye kuta za silinda. Magari yanayofuata kanuni za OBD-II hata yana msimbo maalumu wa jambo hili. Kompyuta inapiga hesabu ya muda tangu injini iwashwe, na joto lisipofika kiwango kinachotarajiwa, inawasha taa ya injini na kuandika P0128. Ukiwa na kile kifaa kidogo cha Bluetooth cha ELM327 unaweza kuusoma kwenye simu yako. Nimeshauona kwenye magari ya marafiki wawili, na wote wawili walikuwa wameambiwa kwamba taa ile "ni sensa tu".

Na wale wanaosema nchi yetu ni ya joto, naomba wafanye hesabu moja. Mombasa siku ya jua kali ni kama nyuzi 33. Injini inataka zaidi ya 80. Tofauti hiyo haijazwi na jua.

Rejeta yenyewe nayo imebadilika, na hapa nasikitika kidogo. Kwa miongo mingi ilikuwa ya shaba, imeunganishwa kwa lehemu. Fundi wa jua kali mwenye moto na lehemu aliweza kuifungua juu, kupitisha ufito kwenye kila kijibomba kuondoa chokaa, kuziba vilivyotoboka, na kuifunga tena. Tangu miaka ya 1970 na 80 watengenezaji wamehamia kwenye alumini yenye matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa kukunjwa. Ni nyepesi na inapoza vizuri, lakini haikubali lehemu ile, na plastiki huzeeka kwa joto hata kama gari linatunzwa. Sheria yetu inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka minane, maana yake tangi la plastiki linaweza kuteremka Mombasa likiwa limekula sehemu kubwa ya umri wake. Ukiona ukingo wa juu umegeuka kahawia na una nyufa nyembamba, usisubiri. Badilisha rejeta pamoja na kifuniko, thamostati na mipira yake. Kwa gari la otomatiki angalia pia kama mafuta ya gia yanapita ndani ya rejeta hiyo, maana tangi lililopasuka kwa ndani huyachanganya na maji, na gia haipendi maji.

Mwisho, jinsi ya kuijaribu thamostati kabla ya kuihukumu. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko. Pembeni imegongwa namba, kwa kawaida 82 au 88. Hapo ndipo inapoanza kufunguka, si inapomaliza. Ya Toyota ya nyuzi 82 hutakiwa kuwa imefunguka milimita 8 au zaidi kwenye nyuzi 95. Nairobi maji yako yatatokota kwenye 94 na hayatapanda tena hata ukiongeza moto, kwa hiyo utaiona imefunguka lakini pengine haijafika mwisho wake. Usiitupe kwa sababu hiyo. Itoe, iache ipoe, uone kama inafunga. Ikifunga yote, irudishe kwenye gari.